Pesa ya Macho ya Mama

Kwa miaka miwili na ushee nilipokea ujumbe wa simu kila mwisho wa mwezi, na kila ulipoingia niliacha nilichokuwa nafanya. Ulikuwa ujumbe mkavu kutoka kampuni ya bima ya afya: namba yangu ya uanachama, salamu, kisha kiasi kilichobaki katika akiba ya matibabu ya familia. Nilikisoma kile kiasi kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Kila mwezi timu yangu ilikuwa imeongoza, kwa sababu haikuwa imecheza.

Nieleze jinsi akiba hiyo inavyofanya kazi, kwa maana laiti ningejieleza mwenyewe mapema tusingefika tulikofika. Mwaka 2009 chuo kikuu nilichosomea Durban kilinipa mkataba wa kufundisha, baada ya miaka mitano ya kuishi pale kwa unyenyekevu wa mwanafunzi. Mshahara ulikuja na bima. Kila mwezi walikata pesa, na sehemu kubwa iliingia katika chungu cha wote, kile cha kulazwa, kupasuliwa na majanga mengine. Sehemu ndogo iliandikwa kwa ajili yetu peke yetu: mimi, mke wangu na binti yetu. Hiyo ilikuwa ya mambo ya kawaida, kama kumwona daktari, jino, miwani, dawa ya kikohozi. Tena walikuwa waungwana. Kila Januari walitufungulia kiasi cha mwaka mzima kabla hatujamaliza kukatwa, ili mtu akiumwa Februari asiambiwe asubiri mpaka mfuko ujae. Na kisichotumika hakikupotea. Kilivuka nasi kuingia mwaka mpya.

Ni mpango mzuri. Nasema hivyo bila kejeli, ingawa wanaonijua wataitafuta. Nimekulia mahali ambapo mtoto akipata homa, kwanza baba anakwenda kwa kaka yake, kaka anamtuma kwa shemeji, na hadi pesa ipatikane homa imeshaamua yenyewe iende wapi. Kuwa na fungu lililotengwa, lisilohitaji kikao wala kuapa mbele ya mtu, ni jambo ambalo baba yangu angeliona ni la kifalme. Kosa langu lilianza niliposikia kwamba kisichotumika hakipotei. Mtu aliyelelewa katika nyumba ambayo sukari ilifungiwa kabatini, na ufunguo ukavaliwa shingoni, hapaswi kuambiwa jambo kama hilo.

Wakati huo macho ya mama yangu, kule Lushoto, yalikuwa yameanza kufunga. Daktari wa wilaya alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama mwenyewe alisema ukungu wa mlimani umechoka kukaa nje, sasa umehamia ndani. Mimi ndiye kifungua mimba wake, niliyesomeshwa kwa viazi na kabichi alizobeba kichwani kwenda gulioni, na ndiye niliyekuwa ng'ambo nikilipwa kwa randi. Hakuna aliyeniambia kwamba macho yale ni yangu kuyatengeneza. Hakukuwa na haja ya kuambiwa.

Nikaamua, basi. Akiba haitaguswa. Itakua mpaka itoshe, mama atapanda ndege, na ukungu utaondolewa Durban, na mtaalamu mwenye zulia kwenye chumba cha kusubiria. Kwa hesabu zangu, miaka miwili ingetosha jicho moja na nusu. Nilipomwambia mke wangu, alikubali kabla sijamaliza sentensi. Tangu siku hiyo fungu lile likapata jina nyumbani kwetu. Liliitwa pesa ya macho ya mama, na tulilitaja kwa sauti ya chini kidogo, kama watu wanavyomtaja mgonjwa aliyelala chumba cha pili.

Masharti sikuyasoma. Yalikuwa katika kitabu kinene chenye herufi za kusumbua, na mimi, ambaye nilikuwa nikiwakata wanafunzi alama kwa kunukuu vitabu wasivyovifungua, niliangalia jalada. Lilikuwa na picha ya familia ikicheka ufukweni: baba, mama, watoto wawili, mbwa. Sikugundua kwamba bibi hakuwapo. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu duniani anayeweza kuhesabu jamaa za mtu, akafika kwa mbwa, akamwacha mama aliyemzaa.

Tukaanza kuilinda. Binti yetu alipokohoa tulimnywesha tangawizi, ndimu na asali, na alipoendelea kukohoa tuliongeza tangawizi. Jino langu la nyuma lilipoanza kupiga ngoma nililiziba kwa karafuu, na kwa muda wa muhula mzima nilifundisha nikinuka pilau. Mhadhara mmojawapo, niseme ukweli, ulihusu namna familia za kipato kidogo zinavyoahirisha matibabu. Nilikuwa na mchoro wenye mishale. Nilieleza kwa ufasaha mkubwa, huku nimeshika shavu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Tulipanga fleti ya ghorofa ya kwanza Glenwood, katika jengo la zamani lenye sakafu ya mbao na madirisha marefu, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni ambako mwanga ulikuwa mzuri. Wateja wake wengi walikuwa akina mama wa Kikongo, ambao hawaendi kanisani kwa nguo ya mchezo. Mikono ya kupuliza, mikia ya samaki, vitenge vya kufanana kwa kwaya nzima. Mwaka wa Kombe la Dunia alishona hata magauni ya rangi za bendera, na nyumba nzima ilijaa nyuzi za kijani na njano.

Mwaka huohuo alianza kugonga milango.

Nasema hivi leo kana kwamba niliona. Sikuona. Nilichoona ni kwamba ana alama nyeusi kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, na nilipouliza alisema fremu ya mlango wa jikoni imekaa vibaya. Baadaye ilikuwa kona ya kabati. Kisha akakosa ngazi ya mwisho akiwa na furushi la nguo za watu, akaanguka, na akaniambia furushi lilimziba. Alipokuwa akimimina chai, mara nyingine kikombe kilichokuwa pembeni kilipinduka, naye akacheka, akasema uzee huo unabisha hodi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

Lililonifumba ni sindano. Mke wangu alitunga uzi kwa mara moja, bila kulamba, bila kukunja uso. Mimi nilihitaji miwani kusoma hata magazeti, na yeye alikuwa akiona tundu la sindano kama lango la kanisa. Ungemwambiaje mtu kama huyo kwamba macho yake yana shida? Niliamini macho ni kitu kimoja. Kama yanaona kitundu kilicho mbele, vipi yashindwe kuona mlango?

Aliyeona kitu, ingawa alikisoma vingine, ni jirani wa chini. Alikuwa mwanamke wa Bukavu mwenye saluni ya kusuka huko mjini, mteja wa kwanza wa mke wangu na rafiki yake wa karibu. Alikuwa akiniita Profesa, cheo ambacho chuo kilikuwa hakijanipa na hakikuonyesha dalili ya kunipa. Ghafla akaacha kunisalimia. Nilimpita ngazini mara mbili, mara tatu, akageuza uso kuelekea ukutani. Mara ya nne akanizuia kwa kikapu chake cha sokoni.

"Profesa, mi sipendake kuingia mu mambo ya ndoa ya bantu," akasema. "Lakini mukono ya bibi yako niliiona. Na leo nimeona juu ya jicho. Mwanaume mwenye alisoma vile, anapiga mwanamke?"

Nilimwambia kwamba sijawahi kumgusa mke wangu kwa ubaya, kwamba ni milango. Alinitazama kwa huruma, kama anayesikia uongo usio na hata juhudi.

"Milango," akasema. "Kwetu pia iko milango yenye kupiga. Inakunywaka pombe kwanza."

Nikapanda juu kwa hasira. Nilimtaka mke wangu ashuke mara moja akamweleze yule mwanamke. Alishuka, akamweleza, na sidhani kama aliaminiwa, maana wanawake wengi kabla yake walishawahi kushuka ngazi kama zile kueleza habari za milango. Kwa wiki nzima nilikuwa mtu aliyedhulumiwa. Nilitunga hotuba kichwani kuhusu jina la mwanaume na namna linavyopakwa tope. Nilikuwa na shughuli nyingi sana na jina langu, na katika shughuli hizo sikupata nafasi ya kuuliza swali moja jepesi ambalo mtoto angeuliza: kwa nini milango ya nyumba hii inampiga yeye peke yake?

Mama alikuja Juni, mwaka 2012. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Kule Johannesburg walimweka kwenye kiti cha magurudumu kumwunganishia ndege ya pili, na jambo hilo lilimkera kuliko giza la macho yake. Alilalamika kwamba amesukumwa kama gunia la viazi na kijana aliyekuwa anaongea na simu. Alinishika uso kwa mikono miwili pale uwanjani, akanipapasa mashavu, akatangaza kwamba nimenenepa. Kisha akamshika mke wangu uso, na kwake alikaa kwa muda mrefu zaidi, kidole gumba kikapita juu ya nyusi ya kushoto, mahali palipokuwa na kovu jipya.

Miadi ya mpima macho ilikuwa baada ya siku kumi. Siku zile kumi mama alikaa jikoni kwenye kiti cha kona, miguu ikiwa imefunikwa blanketi, akimsikiliza mkwewe akifanya kazi. Nilidhani anaota jua la baridi. Mke wangu alimhudumia kama inavyopaswa: maji ya kunawa, chai ya maziwa, mto wa mgongoni, "shikamoo Mama" kila asubuhi hata kama walikuwa wamezungumza saa nzima kabla ya mimi kuamka. Nilifurahi kuwaona. Nilijiona mtu aliyepanga mambo.

Siku ya miadi tulikwenda wote watatu, binti akiwa shule. Ofisi ilikuwa Morningside, na zulia lilikuwapo, la kijivu, zito, kama nilivyoliota. Nilikuwa na bahasha yenye karatasi zote na kadi ya bima niliyoifuta kwa leso. Msichana wa mapokezi, mwenye kucha ndefu za zambarau, aliingiza namba kwenye kompyuta, akauliza jina la mgonjwa. Nikamtajia jina la mama. Akatafuta. Akaniomba nirudie. Akageuza kioo cha kompyuta ili nione mwenyewe: majina matatu, mstari kwa mstari, na chini yake pakavu.

Nilimweleza kwamba huyu ni mama yangu mzazi. Alisema anaelewa. Nilimweleza kwamba pesa ipo, nimeitunza miaka miwili, haijaguswa, na nikamwonyesha ujumbe kwenye simu. Alisema anaiona, ni nyingi, hongera, lakini ni ya hawa watatu. Mama ningeweza kuomba aandikishwe kama mtu ninayemtunza, endapo angekuwa anaishi nami. Hata hivyo angelipiwa zaidi kwa ajili ya umri, na ugonjwa aliokuja nao ungesubiri mwaka mzima kabla ya kugharimiwa. Yote haya aliyasema kwa upole mkubwa, na mara mbili aliniita baba. Ningefarijika zaidi kama angekuwa mkorofi.

Mama, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, aliuliza kwa Kiswahili kuna nini.

"Mashine yao ina hitilafu kidogo, Mama."

"Mashine," akasema, "au wewe?"

Nilikaa. Nakumbuka nilivyokuwa nahesabu upya, nauli ya ndege, tangawizi yote ile, na jino langu. Mke wangu aliinama akaanza kumwambia mama kwamba tutatafuta njia nyingine, kwamba kuna hospitali ya serikali. Mama akainua mkono kumnyamazisha.

"Hiyo nafasi waliyotupa, saa yake bado ipo?"

Nikasema ipo, lakini haina kazi tena.

"Ina kazi. Mkalishe mkeo."

Mke wangu alicheka kicheko kifupi. Akasema yeye hana tatizo, Mama, anatunga uzi bila miwani.

"Nimekuwa jikoni kwako siku kumi," mama akasema. "Ukitafuta kitu cha kushoto kivuli chako kinageuza shingo yote, kama kuku. Sufuria unaipapasa kabla ya kuishika. Mimi ndiyo hupapasa hivyo, mwanangu. Naujua mlio wake."

"Mama, ile pesa ni yako."

"Imeshasemwa hapa kwamba si yangu. Nenda ukakae."

Akaenda. Mkwe hambishii mama mkwe mbele za watu, hata kama watu hao hawajui Kiswahili.

Mpima macho alikuwa mama wa Kihindi wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Mlango aliuacha wazi kidogo. Alimpulizia upepo machoni kwa kifaa, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu akabadilisha kifaa. Kisha akamkalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, jicho moja limezibwa, na kumpa kitufe mkononi. Taa ndogo zingewaka ndani ya bakuli, hapa na pale. Kila akiiona moja, abonyeze.

Tulikaa kwenye zulia letu tukisikiliza. Tik. Tik, tik. Halafu kimya. Mama yangu alikuwa amefumba macho, mikono mapajani. Tik. Kimya kirefu. Mimi, kwa elimu yangu, nilidhani kimya ni mapumziko ya mashine. Ilinichukua muda kuelewa kwamba taa zilikuwa zinaendelea kuwaka wakati wote ule.

Karatasi tuliyoonyeshwa ilikuwa na duara mbili, moja kwa kila jicho. Ya kulia ilikuwa na giza pembeni. Ya kushoto ilikuwa nyeusi karibu nusu, na katikati pamebaki sehemu nyeupe, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Yule mama alieleza polepole. Presha ndani ya macho ilikuwa juu, pengine kwa miaka, ikiukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa huo hauumi. Huanza pembeni na kuacha katikati mpaka mwisho, ndiyo maana mtu anaweza kutunga uzi na asione mlango. Angetuandikia barua kwa daktari bingwa leo hii. Dawa zipo, za matone, na zingeweza kulinda kilichobaki. Aliposema kilichobaki, mke wangu aliuliza kuhusu kilichokwisha. Yule mama akamshika mkono.

Garini tulisimama kwenye robot ya pili, kama wanavyoziita taa za barabarani kule. Mama alikuwa mbele, mke wangu nyuma.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Kombe la Dunia. Labda kabla."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini?" Alisema bila hasira, akiangalia mbele, pale ambapo bado alikuwa anaona. "Kwamba nimekula macho ya mama?"

Robot iligeuka kijani na sikuondoka. Mtu wa nyuma akapiga honi, mwingine naye akapiga. Nilikuwa natafuta gia.

Mama hakugeuka. "Haya yangu ni ya uzee," akasema, kana kwamba anazungumza na kioo cha mbele. "Huwa yanakwanguliwa yanaisha. Nani aliwaambia nina haraka?"

Daktari bingwa alithibitisha yote, akaandika matone ya aina mbili, asubuhi na jioni, maisha yote. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo hata leo nikilikumbuka hunipanda joto masikioni. Ugonjwa ule ulikuwa kwenye orodha ya magonjwa ya kudumu ambayo bima hulipia kutoka chungu cha wote. Tulijaza fomu, daktari akatia sahihi, na kuanzia hapo matone hayakugusa akiba yetu. Fungu lile lote nililolilinda lilihitajika kwa jambo moja tu: kile kipimo cha kwanza. Kumega kipande kidogo, asubuhi moja ya mwaka 2010, mke wangu akae mbele ya bakuli jeupe. Salio langu lisingeshuka kiasi cha mtu kuliona. Akiba ile haikuwa ya kununulia tiba kubwa. Kwa kazi hiyo kulikuwa na chungu cha wote. Ilikuwa ya kumwezesha mtu kwenda kuuliza mapema, bila kuhisi kwamba anamnyang'anya mwingine. Nami niliigeuza kuwa kitu ambacho mke wangu asingeweza kukigusa bila kuwa mkwe mbaya.

Mama alikaa mwezi mmoja zaidi, akarudi na ukungu wake. Ndugu zangu walichangishana, na mimi nikachanga kutoka mfuko wa kawaida, ule usiotuma ujumbe. Alifanyiwa upasuaji huko huko nyumbani, katika hospitali ya misheni isiyo na zulia, jicho moja mwezi wa tisa na la pili baada ya Krismasi. Alipiga simu kulalamika. Kuta zake zilikuwa na vumbi ambalo hakuna aliyemwambia. Wajukuu walikuwa wachafu. Na ile picha ya marehemu baba yetu iliyo sebuleni, alikuwa ameitazama vizuri, na kusema kweli hakukumbuka kwamba mwanaume yule alikuwa na masikio makubwa vile. Akaomba kuongea na mkwewe. Waliongea sana. Nilisikia upande mmoja tu: "Naweka, Mama. Asubuhi na jioni. Ndiyo, yeye ndiye anayeniwekea. Hapana, mikono yake inatetemeka."

Jirani wa chini alipata habari, akapanda ngazi na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, kuniomba radhi. Nilimwambia hakuna haja, yeye alikuwa ameona kitu na mimi sikuwa nimeona kitu. Alikaa akasikiliza mambo ya bima kwa makini, maana saluni haina bima, na akina mama wa kanisani kwake walikuwa na likelemba, mchango wa kupokezana, ambao ulimaliza pesa zake kwenye harusi na misiba. Alitaka kila familia iwe na kopo lake la munganga, yaani la daktari, pembeni kabisa, lisiguswe kwa matanga wala kwa kitenge. Nilianza kumweleza kanuni. Akanikatiza.

"Profesa, wewe utafanya ikuwe ngumu. Bibi yako njo atatufundisha."

Mke wangu alikwenda Jumapili mbili, ukumbini kwao Cato Manor. Kanuni aliyowapa ilikuwa moja, na alinisimulia aliporudi. Kopo lisipewe jina la mtu. Likipewa jina la mtu, wengine wote wataugua kimya.

Siku hizi ujumbe wa bima huja kwenye simu yake. Aliomba namba ibadilishwe, nami sikupinga. Kila Januari hukaa mezani na kalenda na kutugawa: binti apimwe masikio, yeye macho kila baada ya miezi minne, mimi niende nikang'olewe jino ambalo daktari wa meno aliliita, kwa mshangao wa kitaaluma, kumbukumbu ya kale. Timu yangu sasa inacheza. Inafungwa kila mwezi, na mwisho wa mwaka inabaki na kidogo.

Bado anashona, ingawa kazi za harusi amepunguza. Bado anatunga uzi mara moja. Kilichokwisha hakikurudi, kama tulivyoambiwa, na kuna siku ambazo matone humwasha naye huketi dirishani na kitambaa mapajani bila kukigusa, na mimi hujitia kuwa nina karatasi za kusahihisha. Tukitoka kwenda dukani hupunguza mwendo mlangoni, hunisubiri nivuke upande wake wa kushoto, kisha ndipo anaanza kutembea. Mwanzoni nilikuwa nasahau, nikijikuta kulia, nikieleza jambo kwa mikono miwili. Alikuwa ananishika kiwiko na kunihamisha, kama mtu anayesogeza kiti.

"Hapo," anasema. "Baki hapo."